Kamati Yenyewe Iliniamini

Mweka hazina wa kamati ya sendofu ya mpwa wangu alikuwa shangazi wa binti, mama anayejua bei ya kila kitu kuanzia maua hadi maji ya chupa. Alipofika kwenye mstari wa muziki akasoma "laki nne" kwa sauti ya kusoma tanzia. Wajumbe wakaguna. Hapo ndipo nikasema amplifaya ya kukuza sauti nitaiunda mimi. Na mtu asije akanisingizia kwamba nilijipenyeza: walipiga makofi.

Hoja yangu ilikuwa nzito. Niliwaambia kwamba mwaka 1999 Wajapani wa 47 Labs walitoa amplifaya iitwayo Gaincard, ikauzwa zaidi ya dola elfu moja, na watu walipoifungua wakakuta kazi yote inafanywa na LM3875, aisii, yaani kidude kimoja cheusi chenye saketi nzima ndani, cha dola chache tu, na vidude vingine vya kuhesabika kwa vidole.

"Sasa laki nne ya nini?"

Shangazi akanitazama. "Sawa, shemeji. Ila ina besi?"

Besi ipo, nikamwambia.

Kariakoo muuzaji akaniapia kwamba bodi yake yenye aisii mbili za TDA7294 "inapiga wati mia, mia, bosi." Wati mia hizo nazijua, ni za kwenye karatasi, ukizifikia sauti imeshachafuka kwa asilimia 10. Lakini kuna sabufa zinaandikwa wati elfu tano kwenye boksi, na waya wake wa umeme ni mwembamba kuliko kamba ya kiatu. Kwa hiyo yule nilimhesabu ni mkweli. Nikachukua bodi na transfoma ya volti 24-0-24, ambayo ikishapita kwenye dayodi na kapasita inakupa volti kama 34 za chanya na 34 za hasi.

Ikabaki kesi ya joto. Aisii hizi bila hitisinki, lile bamba la kupozea joto, hazimalizi hata wimbo mmoja, na hitisinki ya saizi ile walitaka bei inayokaribia ya bodi. Nyumbani kulikuwa na sufuria la aluminiamu, lile la pilau ya wageni, limekaa tu tangu Idi. Aluminiamu ni aluminiamu. Nikatoboa kitako, nikafunga aisii zote mbili kwa ndani na karatasi ya maika ya kuzuia umeme katikati, maana mgongo wa TDA7294 umeungwa na umeme wa hasi. Ukisahau maika, sufuria zima lina umeme. Mafundi wengi wa mtaani hilo hawalijui. Transfoma nikaiweka mbali kwenye boksi la mbao, ili zile volti 230 za ukutani zisikaribie sufuria kabisa. Bodi ikaingia humohumo, mfuniko juu kuzuia vumbi, vipande vitatu vya tofali chini ili hewa ipite.

Mke wangu alisimama mlangoni akaliangalia limekaa juu ya mafiga yake, linanguruma taarabu. Hakusema kitu. Alirudi jikoni akahesabu masufuria yaliyobaki.

Ukumbini Tabata matatizo hayakuanza na mimi. Kompyuta ya MC ilichomekwa soketi ya ukuta mmoja, sufuria langu ukuta wa pili, na nyaya za ethi zikakutana kupitia waya wa sauti. Matokeo yake ni mngurumo wa Hezi 50, mmmmm, chini ya kila neno. MC akauliza kama kuna jenereta nje. Nikahamishia kila kitu kwenye ekstensheni moja, ukakoma. Kisha MC huyohuyo akaegesha simu yake juu ya mfuniko. Simu za 2G hurusha mawimbi kwa vipande, mara 217 kwa sekunde, na amplifaya iliyo karibu inayadaka. Basi ukumbi mzima ukawa unasikia titititi-titititi kwenye spika kabla simu yake haijaita. Mara ya kwanza watu walicheka. Baadaye kila ikilia hivyo, meza ya akina mama wanamwambia kwa pamoja: "MC, unapigiwa!"

Hayo tungeyamudu. Ila wapishi walikosa nafasi, wakapanga bufee yao ikaanzia palepale meza yangu inapoishia. Wali, ndizi, kuku, mchicha, halafu sufuria langu, limefunikwa, la moto.

Mzee wa upande wa bwana harusi, tena mgeni rasmi, alipita na sahani yake taratibu. Alipofika kwangu akagusa ubavu wa sufuria na kiganja, akaridhika, akafunua. Nilikuwa upande wa pili nabadilisha wimbo. Nilimsikia tu akiuliza, "Na hii ni supu?" kisha upawa wa chuma ukazama, ukatua juu ya skrubu mbili za umeme wa bodi, ya chanya na ya hasi.

Kapasita za maikrofaradi 10,000 zikimwaga umeme wote kwa mpigo, mlio wake ni PAA. Cheche za buluu, moshi kidogo, muziki kimya. Mzee hakupata hata mkwaruzo, ila upawa ulitoka na pengo ukingoni, na yeye akabaki ameushika juu kama shahada. Akauliza kwa upole, "Mmetia pilipili gani humu?"

Wakampigia kijana wa muziki wa kukodi. Akaja na kirikuu, akataka laki nne na hamsini kwa sababu ya dharura, akafunga spika zake haraka haraka. Kisha akaja kuchungulia kwangu, akamulika ndani kwa simu. "Kaka, lehemu yako safi sana," akasema. "Hii fyuzi tu." Nilitaka arudie kwenye maiki, akakataa.

Siku ya kuvunja kamati shangazi alisoma matumizi. Muziki, laki nne na hamsini. Muziki mwingine, laki moja na themanini. Upawa wa kufidia wapishi, mmoja. Mwenyekiti akashukuru, akasema mwezi ujao kuna harusi ya mdogo wake binti, tupange majukumu mapema. Mjumbe mmoja akanyoosha mkono, akapendekeza niwekwe kamati ya chakula, kwa kuwa sufuria tayari ninalo.

Ikapita bila kupingwa.