Mfarishi wa mkono: uwambwe kwenye fremu au ushonewe mapajani?

"Bila fremu huna mfarishi, una matambara yaliyoshonwa pamoja." Mwalimu mmoja wa ushonaji alinitamkia maneno hayo mbele ya wanafunzi wenzangu, mfarishi wangu, nguo ya kujifunikia ya tabaka zilizoshonwa pamoja, akiwa ameugeuza upande wa bitana ili kila mtu aone makunyanzi. Nilikuwa nimeushona mapajani bila fremu, miezi minne, jioni baada ya kazi, hapa Lushoto ambako ikifika Julai blanketi moja halitoshi. Uso wake ulikuwa mabaki ya vitenge niliyoyaomba kwa mafundi cherehani wa sokoni, katikati niliweka blanketi kuukuu, na chini khanga nilizoziunganisha. Makunyanzi yalikuwepo, sikatai. Lakini kadiri ninavyozidi kushona ndivyo ninavyoamini kwamba mwalimu yule aliona kosa la kweli, ila akalibebesha jambo lisilohusika.

Tuitendee haki fremu kwanza, maana haikubuniwa bure. Mfarishi ni tabaka tatu: uso, kijazo cha pamba au blanketi, na bitana. Sindano ikipita huzivuta zote tatu, nazo hazivutiki sawa. Blanketi hubonyea, kitenge huteleza, khanga nyepesi ya chini hujikusanya bila wewe kuiona. Fremu huzishika zikiwa zimenyooka mpaka uzi uzikamate. Fremu za zamani za kaskazini mwa Uingereza, huko Durham, zilikuwa na boriti mbili ndefu zilizopigiliwa utepe wa kitambaa, na mfarishi ukashonewa kwenye utepe huo. Mbao mbili bapa zenye matundu zilipita kwenye ncha za boriti, zikazuiwa na vigingi. Sehemu iliyokwisha unaizungusha kwenye boriti moja, mpya unaifungua kutoka kwenye ya pili. Aliyewahi kuona kitanda cha kamba kikiwambwa ataelewa upesi.

Kisha mshono wenyewe. Ukiwa kwenye fremu mikono yote miwili iko huru. Wa juu umevaa kastabini kidoleni, wa chini unasubiri ncha ya sindano. Unaisimamisha sindano wima mpaka kidole cha chini kihisi mchomo mdogo, unailaza, ncha inatokea juu, unaisimamisha tena. Mishono minne au mitano inapangana kwenye sindano kabla hujavuta uzi. Kwa mwendo huo mafundi wa Marekani hufikisha mishono 10 na zaidi kwa inchi moja, na hiyo ndiyo hesabu wanayosifiana.

Lakini hapa kuna jambo ambalo wanaoisifia fremu hawalisemi vya kutosha. Kitambaa kikiwambwa kama ngoma, mwendo huo hauwezekani, maana sindano haipati nafasi ya kuyumba. Lazima ukilegeze kidogo, ili kidole cha chini kisukume kilima kidogo mbele ya ncha. Kwa hiyo hata kwenye fremu, mvuto wa mwisho hutoka vidoleni. Fremu hupunguza kazi ya mkono, haiichukui yote.

Hoja iliyo nzito zaidi kwangu upande wa fremu ni ya watu. Fremu ndefu ni kama meza: wanawake sita au wanane hukaa pande zake, na kazi ya miezi ya mtu mmoja inakwisha kwa siku chache. Gee's Bend, kijiji cha Wamarekani weusi kwenye kona ya mto Alabama, mifarishi yake ilionyeshwa kwenye jumba la sanaa la Houston mwaka 2002 na baadaye ikafika New York. Kijijini huko mwanamke aliunganisha vipande vya uso peke yake, kwa mpango wake mwenyewe, kisha wenzake wakaja kumsaidia kushona tabaka tatu. Katika nyumba nyingi za kusini mwa Marekani fremu ilining'inizwa darini kwa kamba. Mchana inateremshwa, usiku inapandishwa, watu wanalala chini yake. Hao walikuwa maskini wenye vyumba vichache, kwa hiyo anayesema fremu ni ya wenye nafasi na afikirie tena.

Hata hivyo, ushahidi unaonifanya nisikubali ile hukumu ya mwalimu unatoka kwa watu ambao asili yao ni bara letu. Wasiddi wa jimbo la Karnataka, India, wanaishi kwenye vijiji vya misituni, wilaya ya Uttara Kannada. Wazee wao walitolewa Afrika, wengi wakiwa watumwa, na baadhi yao walitoroka kutoka Goa ilipokuwa chini ya Wareno. Wanawake wao hushona mifarishi iitwayo kawandi. Henry John Drewal, mwanahistoria wa sanaa wa Marekani, ameichunguza na kuiandikia. Hakuna fremu hapo, wala maduara ya mbao ya kubania kitambaa. Kuna sari kuukuu iliyotandazwa sakafuni, vipande vya nguo zilizochakaa, sindano na uzi mnene wa pamba.

Angalia wanavyofanya, kwa sababu jibu la ubishi wetu limo humo. Hawaungi uso kwanza. Mshonaji huanzia kwenye pembe ya sari, anaweka kipande, anakunja ukingo wake, anakishona kwa mishono ya kutembea, sindano ikiingia na kutoka kwa mstari, inayopita mpaka chini. Anaweka kingine pembeni yake. Anazunguka ukingo wote, akirudi anaanza mzunguko wa pili ndani ya ule wa kwanza, na hivyo hivyo mpaka mizunguko inakutana katikati. Pembeni hutia vipande vilivyokunjwa pembe tatu, viitwavyo phula, yaani maua. Mfarishi usio na phula kwao uko uchi.

Kwa nini haukunjamani? Kwa sababu kila kipande hukatwa na kukunjwa wakati wake umefika, kutosha nafasi iliyobaki wakati ule. Kitambaa cha chini kikisogea kidogo, kipande kinachofuata hukatwa kulingana na msogeo huo. Sisi tunaounga uso mzima kwanza tunaleta nguo ambayo kipimo chake kimeshafungwa. Ulegevu wowote wa bitana hauna pa kwenda, ndiyo maana tunafundishwa kuanzia katikati na kuusukuma ulegevu nje. Wasiddi huanzia nje wakamalizia katikati, kinyume kabisa, na kazi yao hulala vizuri. Hiyo ni mbinu kamili yenye akili yake, na kuiita upungufu wa fremu ni kutoiangalia.

Nao hawako peke yao. Wanawake wa Bengal hushona kantha kwa kulaza sari kuukuu juu ya sari nyingine, bila kijazo, na mawimbi madogo yanayoachwa na mshono ndiyo uzuri wenyewe. Wajapani katika sashiko, ushonaji wao wa mkono wa mapambo, hukusanya kitambaa kwenye sindano ndefu, kisha hukinyoosha kwa vidole ili uzi usibane. Hata kofia zetu za mkono za pwani hushonwa mkononi, tabaka mbili za kitambaa pamoja, na hakuna atakayethubutu kuziita matambara.

Basi makunyanzi yangu yalitoka wapi? Nilipokifumua kipande cha katikati niliyaona mwenyewe. Bandi, yaani mishono mirefu ya muda ya kushikiza tabaka, nilizipiga chache mno, moja karibu kila futi, nikiwa nimeutandaza mfarishi kitandani juu ya godoro linalobonyea. Khanga haikuvutwa. Kila nilipouweka mapajani, uzito ulioning'inia kuelekea sakafuni uliivuta bitana upande mmoja. Mfarishi wa pili niliutandaza mezani, nikaibana khanga kingo zote kwa utepe wa karatasi wenye gundi, nikapiga bandi kila sentimita 10 kwa urefu na kwa upana. Niliushona mapajani kama wa kwanza, ila mkunjo wa mfarishi niliuegemeza kwenye kiti cha mbele yangu. Chini yake ni laini. Kama yule mwalimu angenifundisha kushikiza, angenisaidia kuliko alivyonisaidia kwa kuniaibisha.

Sisemi mapaja hayana gharama. Mkono wa kushoto ndio unaogeuka kuwa fremu: unabana, unavuta, unashika saa nzima, na kifundo kinauma, hasa kijazo kikiwa kinene. Mtu mwenye vidole vinavyokakamaa asijitese. Kwa upande mwingine, nguo iliyo mapajani unaigeuza upendavyo, ukashona kila mara kuelekea kwako. Kwenye fremu kubwa nguo haigeuki, wewe ndiye unayegeuka, na itakubidi ujue kushona kwenda mbali nawe kwa kusukuma sindano na kidole gumba. Hilo huchukua muda kulizoea.

Fremu ndogo ya mviringo, ile ya maduara mawili yanayobanwa kwa skrubu ambayo wengi tuliijua kwa kutarizi vitambaa vya makochi, imekaa katikati ya njia hizi mbili. Mfarishi unahitaji kubwa kuliko ya kutarizia, ya sentimita 35 hivi. Inapumzisha mkono wa kushoto. Ila ukiiacha imebana usiku kucha itaacha alama ya duara, na ukingoni haina pa kushika mpaka ushonee ukanda wa ziada. Wala haiondoi haja ya bandi. Niliona mwenzangu akiamini duara litamshikizia tabaka zake, akamaliza na vilima vilivyozungukwa na mabonde, kila alipolihamisha duara.

Mimi sasa naamua kwa kuangalia kijazo na jinsi uso ulivyoungwa. Uso uliokamilika, pamba nene, kitanda kikubwa, hapo nitawamba. Tabaka nyembamba zitashikizwa mezani na kushonewa mapajani. Mabaki yasiyo na mpangilio nitayashona kwa mzunguko, kama Wasiddi. Mfarishi ninaouanza ni wa harusi ya binti wa dada yangu, kitanda cha futi tano kwa sita, na pamba yake ni nzito, kwa hiyo nimemwomba seremala anikatie boriti mbili za futi saba. Mjukuu wangu naye amezaliwa mwezi uliopita. Wake nimekwisha kuuanza, mkekani, kwenye pembe ya khanga ya mama yake, na ua la kwanza limeshakaa.