Ziara kumi na mbili, kisha nini? Kazi ya ustawi wa jamii inavyomfikia mteja

Ripoti ya robo mwaka ya ustawi wa jamii, iwe ya halmashauri au ya shirika, hujaa hesabu za aina moja: kaya zilizotembelewa, mashauri yaliyofunguliwa, rufaa zilizotolewa, semina zilizofanyika. Hizo ni hesabu za jasho la ofisi. Hazisemi kama mtoto amerudi darasani akabaki humo, wala kama mama aliyepewa barua ya kwenda kituo cha afya alifika na kuhudumiwa.

Pengo hilo limewagawa wanataaluma kwa miaka mingi. Wapo wanaotaka kila huduma ipimwe kwa kuwalinganisha waliopewa na wasiopewa, na isiyozaa matunda iachwe. Wapo wanaoshikilia kwamba kazi hii ni uhusiano wa mtu na mtu, na uhusiano hauwekwi kwenye mizani. Pande zote mbili zina hoja nzito, ila mara nyingi zote huliruka swali la katikati: huduma hii, kwa mtu huyu, inapita njia gani mpaka maisha yake yabadilike?

Cambridge na Somerville, miji miwili jirani na Boston huko Marekani, ina somo ambalo halijachakaa. Daktari Richard Clarke Cabot, ambaye mwaka 1905 alianzisha huduma za ustawi wa jamii katika hospitali ya Massachusetts General, alibuni mpango wa kuwakinga wavulana wasiingie kwenye uhalifu. Wavulana walipangwa jozi jozi kwa kufanana umri, familia na mazingira, kisha sarafu ikarushwa: mmoja apate mshauri, mwenzake abaki kama alivyo. Kazi ilianza 1939 ikaisha 1945, na jozi 253 zikabaki hadi mwisho. Mshauri alifika nyumbani kwa wastani wa mara mbili kwa mwezi. Zaidi ya nusu ya wavulana walisaidiwa masomo, zaidi ya 100 walipata matibabu, na karibu robo walipelekwa kambi za likizo.

Miaka 30 baadaye mtafiti Joan McCord aliwatafuta. Theluthi mbili ya waliohudumiwa walisema mpango uliwasaidia. Matokeo aliyochapisha mwaka 1978 yalisema kinyume: kwa vipimo saba waliohudumiwa walikuwa na hali mbaya kuliko wenzao, vikiwemo kurudia uhalifu, ulevi, ugonjwa mkubwa wa akili na kufa mapema.

Wapenda vipimo wana haki ya kuushika ushahidi huu kwa mikono miwili. Bila ile sarafu, shukrani za wateja zingechukuliwa kuwa ushahidi wa mafanikio. Lakini takwimu zilionyesha madhara tu. Njia yaliyopitia hazikuionyesha. Njia ilipatikana kwenye majalada, kwa sababu washauri walikuwa wameandika kila ziara kwa kirefu. Yalipochambuliwa upya, ilionekana kwamba madhara yalijikusanya kwa wavulana waliopelekwa kambini zaidi ya mara moja. Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba vijana wenye utundu, wakiwekwa pamoja kwa majuma, husifiana kwa utundu huo. Kwa maneno mengine, simulizi za maofisa, zile ambazo wapenda namba huziona porojo, ndizo zilizofungua fumbo la namba zenyewe. Anayeendesha klabu au kambi ya vijana waliokwisha kukosana na sheria ana kila sababu ya kuuliza nani anakaa na nani, na wanazungumza nini msimamizi akiondoka.

Mazingira nayo hubadilisha matokeo hata huduma ikibaki ileile. Kuna mpango wa wauguzi kumtembelea mama kijana mwenye mimba ya kwanza hadi mtoto atimize miaka miwili. Huko Elmira, jimbo la New York, ulipojaribiwa miaka ya 1970, ulifuatiwa na ripoti chache zaidi za utesaji na utelekezaji wa watoto kuliko kwa akina mama wasiotembelewa, hata miaka 15 baadaye. Uingereza iliuchukua, ikaujaribu kwa akina mama 1,645 wenye umri wa miaka 19 au chini, ziara zikipangwa kufikia 64. Matokeo yaliyochapishwa 2016 hayakuona tofauti katika uvutaji wa sigara, uzito wa mtoto, mimba ya pili ya haraka, wala kufikishwa hospitali kwa dharura. Baadaye zilionekana faida ndogo katika maendeleo ya watoto shuleni. Sababu moja inayotajwa ni kwamba mama wa Uingereza asiye na muuguzi wa mpango huo bado ana mkunga, daktari na muuguzi wa kawaida anayetembelea nyumba zenye watoto wachanga, wote bila malipo. Ndiyo maana kuagiza mpango uliofaulu kwingine bila kuuliza wateja wetu tayari wanapata nini ni kununua dawa kwa kuangalia chupa.

Kwa upande wa matumaini, Harare inatoa mfano ninaouona bora kuliko yote. Benchi la Urafiki huwaweka akina bibi waliofunzwa kwenye benchi nje ya zahanati, wakiongea na watu wenye kile Wazimbabwe wanachokiita kufungisisa, ambacho kwetu ni kuzidiwa na mawazo. Jaribio la zahanati 24 na wagonjwa 573, lililochapishwa 2016, lilikuta baada ya miezi sita asilimia 13.7 ya waliokaa kwenye benchi bado wana dalili za sonona, dhidi ya 49.9 ya waliopata huduma ya kawaida iliyoboreshwa. Wapenda uhusiano husema: mnaona, ni upole wa bibi. Wapenda utaratibu hujibu kwamba bibi huyo hapigi soga. Katika vikao sita mteja anaorodhesha shida zake, anachagua moja, anatafuta njia za kuitatua, anaondoka na hatua ndogo ya kufanya, kisha anarudi kueleza ilikwendaje. Nadhani ukiondoa upole mteja hataitaja shida ya kweli, na ukiondoa hatua atatoka amefarijika tu, kesho yake kodi ya chumba iko palepale. Utaratibu huu ulipelekwa hata Zanzibar.

Turudi kwenye meza ya afisa. Tuseme mtoto wa darasa la tano anakosa shule mara kwa mara. Fomu itaandikwa "ukosefu wa mahitaji ya shule", atapewa sare na madaftari, shauri litafungwa. Kabla ya kununua chochote, nusu saa na rejista ya mahudhurio ingesema mengi. Akikosekana kila siku ya mnada, huenda anafanya biashara. Akikosekana siku nne au tano mfululizo kila mwezi na ni msichana, ulizia hedhi na hali ya vyoo. Siku zikioana na kliniki ya bibi anayemlea, basi yeye ndiye muuguzi wa nyumba. Akitoweka kila michango inapodaiwa, anakimbia aibu au viboko. Ni sababu nne zenye dawa nne, na sare haitibu hata moja kati yake.

Mpango wa huduma ukiandikwa kwa sentensi inayoweza kuonekana kuwa si kweli, kosa litaonekana mapema: "Jirani akimsindikiza bibi kliniki, mtoto atakuwa darasani siku hiyo, tutaangalia rejista baada ya miezi miwili." Rejista isipobadilika, tathmini ilikuwa na kasoro au jirani hakwenda. Hayo ni makosa mawili tofauti, na kila moja lina marekebisho yake.

Rufaa ndizo zinazovuja zaidi. Mteja hana nauli, anafika siku ambayo mhusika hayupo, anadaiwa cheti cha kuzaliwa ambacho hakutajiwa, au anaona haya kueleza ukatili upya mbele ya foleni. Simu ya dakika tano kwa anayempokea, jina la mtu wa kumwona na kipande cha fomu kinachorudi ofisini huziba sehemu kubwa ya tundu hilo.

Maofisa wana jibu, nalo ni la haki: afisa mwenye kata kadhaa na pikipiki isiyo na mafuta hawezi kufuatilia kila shauri kwa undani huo. Ningependa afanye hivyo kwa mashauri matano kila robo mwaka, kuliko kujaza fomu 100 zisizosomwa. Hofu yao nyingine ni kubwa zaidi. Ofisi ikisifiwa kwa mashauri yaliyofungwa kwa mafanikio, familia ngumu zitaanza kukwepwa kimyakimya, na zile ambazo zingejikwamua zenyewe zitapendelewa. Hofu hii haiondolewi kwa kuacha kupima, ila kwa kuchagua kipimo kinachomfaa mteja mwenyewe. Mzee aliyepooza hatatembea tena kwa sababu ya ziara za afisa. Kwake cha kuandika ni kama ana vidonda vya mgongo, anakula mara ngapi kwa siku, anabadilishwa nguo na nani, na usiku nani analala karibu naye.