Mbio za risasi haziui nyati

Mtu akiniuliza bunduki ipi ina nguvu, mara nyingi anakuja na jibu lake mkononi: ile ambayo risasi yake inakwenda mbio zaidi. Kwa hesabu, hajakosea sana. Nishati ya mwendo ni nusu ya uzito mara kasi, mara kasi tena. Ukizidisha uzito mara mbili, nishati nayo inazidi mara mbili. Ukizidisha kasi mara mbili, inapanda mara nne. Kichwa cha risasi ya M16 ya zamani, bunduki ya jeshi la Marekani, kina gramu 3.6 tu, lakini kwa mita 990 kwa sekunde kinatoka mtutuni na jouli (kipimo cha nishati) 1,750 hivi. Cha AK-47 ni kizito zaidi ya mara mbili, ila kwa mita 715 kinapata kama 2,000 tu.

Hesabu naikubali. Ninachokataa ni kumwendea mnyama mkubwa ukiwa na hiyo namba ya jouli peke yake kichwani.

Mwanzoni mwa karne ya 20, Mskoti Walter Bell aliwinda tembo Karamoja, Uganda. Wawindaji wa enzi zile waliamini bunduki nzito za mitutu miwili. Risasi ya .470 (namba hiyo ni unene wake kwa inchi, takriban), kwa mfano, ina gramu 32 na karibu jouli 7,000. Bell alipenda ya milimita 7: gramu 11.2, mita 700 kwa sekunde, jouli 2,750 hivi. Hata nusu haifiki, na bado aliangusha mamia ya tembo. Risasi yake ilikuwa ndefu, nyembamba na ngumu, haitanuki wala kupasuka, kwa hiyo ilipenya mfupa ikiwa imenyooka hadi kwenye ubongo. Na fuvu la tembo alilijua vizuri mno.

Lakini wengi wetu si Bell, na nyati hatakusimamia umtafute ubongo. Unampiga begani, penye ngozi nene, misuli na mfupa. Hapo naangalia uzito (kwa kilo) mara kasi, bila kuizidisha kasi mara ya pili: .470 inapata 21, ya Bell haifiki 8. Risasi nyepesi yenye mbio, tena laini, huvunjikavunjika kwenye bega. Jouli zote zinaishia kwenye nyama ya juu, mnyama anaingia kichakani na kidonda chake, na atakayekutana naye kesho huenda ni mama aliyekwenda kuokota kuni. Hili linaniuma kuliko ubishi wowote wa namba. Ndiyo maana naunga mkono sheria ya Tanzania inayotaka bunduki isiyopungua .375 kwa wanyama hatari.

Yangu ni hiyo hiyo .375, kwa risasi ngumu ya gramu 19.4 na mita 770 kwa sekunde. Jouli zake, kama 5,750, ni chache kuliko za .470, lakini teke lake bega langu linalihimili, na risasi ya pili naipiga kabla nyati hajageuka.