Kutoka darasa la watoto 90 kwenda kitengo cha watoto 9

Mwalimu wa shule ya msingi akihamishiwa kitengo cha elimu maalumu, yaani darasa la watoto wenye ulemavu ndani ya shule ya kawaida, wenzake humwambia amepumzishwa. Hawajakosea sana. Uwiano rasmi Tanzania ni mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45, na madarasa mengi ya umma yameshapita hapo. Madaftari 90 kwa dakika moja moja ni saa moja na nusu, tena somo moja tu. Kitengoni rundo hilo halipo.

Kuna rundo jingine. Andalio la somo lililotosha darasa zima, hapa kitengoni halimfai hata mtoto wa pili. Chukua kunawa mikono, kwa watoto wenye ulemavu wa akili: kufungua bomba, kulowesha, kupaka sabuni, kusugua, kusuuza, kufunga bomba, kujifuta. Kila hatua inarekodiwa: ameshikwa mkono, ameonyeshwa, au amefanya mwenyewe. Hatua 7 kwa watoto 9 ni rekodi 63, stadi moja hiyo. Na pasipo matroni, mmoja akijichafua, kipindi cha dakika 40 kinaishia chooni na wanane wamebaki peke yao.

Kwa viziwi, kinachomponza mwalimu mgeni ni mazoea ya ubaoni. Akigeuka kuandika huku anaeleza, somo limekatika, maana uso na mikono havionekani. Aandike kwanza, ageuke, ndipo aanze lugha ya alama. Mazoea ya zamani huchukua miezi kuisha.

Mwalimu mkuu naye tumwelewe. Ana upungufu wa walimu, anamwona mtu mwenye watoto tisa, anampa na hisabati ya darasa la tano. Kwa hesabu ya vichwa yuko sahihi. Lakini vichwa ni kipimo kibovu hapa. Kipimo ni muda ambao watoto hawawezi kuachwa bila mtu mzima, na kwa mwenye kifafa ni siku nzima. Hisabati hiyo apewe pale tu kitengo kikiwa na mwalimu wa pili.

Anayehamia asikabidhiwe kitengo peke yake wiki ya kwanza. Asome faili, aulize nani anatumia dawa na saa ngapi, nani hupelekwa chooni kwa ratiba. Malengo mawili kwa kila mtoto kwa muhula yanatosha. Wageni huandika kumi, na ikifika wiki ya nne daftari la maendeleo linajazwa kwa kukisia, ili mthibiti ubora (mkaguzi wa shule) akija asikute nafasi wazi.