Lita 50 za Cape Town, mitungi ya Manyatta

Cape Town ilipokaribia kukaukiwa kabisa mwaka 2018, nilikuwa huko, na bado niko. Mvua zilikuwa haba miaka mitatu mfululizo. Theewaterskloof, bwawa kubwa kuliko yote yanayolisha mji huu, likageuka uwanja wa mchanga na visiki. Kuanzia tarehe 1 Februari kila mtu aliwekewa kikomo cha lita 50 kwa siku, za kuoga, kupika, kufua na choo. Watu walioga wakiwa wamesimama ndani ya karai ili maji yale yakamwagwe chooni. Kila wiki manispaa ilitangaza mabwawa yamebakiza kiasi gani, na ikasema wazi: yakishuka hadi asilimia 13.5, mifereji itafungwa, tupange foleni kwa lita 25.

Jamaa zangu wa Kisumu walinipigia simu kunipa pole. Lita 50 ni mitungi miwili na nusu. Ni nyumba ngapi za Manyatta au Nyalenda, mitaa ya mabanda ya Kisumu, zinazopata kiasi hicho kwa kila mtu, hata wakati wa masika? Na ziwa kubwa kuliko yote Afrika liko pale pale. Mama anayenunua maji ya mkokoteni hulipia kila lita zaidi ya mwenye mfereji jikoni. Akikosa pesa, anateka kwenye kisima kifupi kilichochimbwa karibu na choo cha shimo, na kipindupindu tunakijua kinakotoka.

Huku nako si peponi. Khayelitsha, mtaa wa maskini wa Cape Town, walikuwa wakipanga foleni kwenye mifereji ya pamoja miaka mingi kabla ya ukame huo, na mitaa yote ya mabanda ilitumia takriban asilimia 4 tu ya maji ya mji. Dunia ilishtuka uhaba ulipobisha hodi kwenye nyumba zenye bustani na vidimbwi vya kuogelea. Hilo linaniuma, maana hata nyumbani mwenye kisima chake na tangi juu ya paa hana habari mfereji wa jirani ulikauka lini.

Hata hivyo, ile hesabu ya wazi ilifanya kazi. Matumizi yalipungua kwa zaidi ya nusu, mvua zikarudi, na mifereji haikufungwa.

Kisumu tunaweza kuanzia hapo. Kila wiki tutangaziwe redioni, kwa Kiswahili na Dholuo, maji kiasi gani yametoka kwenye mitambo na yamekwenda mitaa ipi. Kama Milimani, mtaa wa wenye nazo, imepata siku saba na Nyalenda mbili, tuambiwe hivyo hivyo, wawakilishi wa wadi wakiwepo studioni kujibu.