Mwenye Parseli Lazima Afe

Kundi letu la hadithi fupi liko WhatsApp, na waandishi wake wametawanyika: wa Mombasa, wa Dar es Salaam, wa Bujumbura, na mimi wa Goma, mtaa wa Majengo. Sheria ni chache. Hadithi isizidi maneno 1,000, iwe imetumwa kabla ya usiku wa manane, kisha unakaa kimya wakuchambue. Wenzangu wavivu wa kuandika, wanachambua kwa sauti. Na simu yangu ile sehemu ya sikioni ilikufa zamani, kwa hiyo kila uchambuzi unatoka kwa spika kubwa, mtaa utake usitake.

Sasa, nyumba za Goma. Lava ya volkano ya Nyiragongo iliyoshuka Januari 2002 ilipita katikati ya mji, na watu wakajenga tena juu yake, wengi kwa mbao, maana kuchimba msingi kwenye jiwe lile si mchezo. Mbao zikikauka zinaachana. Jirani akipiga chafya unamwambia pole bila kuinuka kitandani. Jirani yangu mimi ni mwenye parseli mwenyewe, yaani mwenye nyumba, ukuta mmoja. Upande wake ameziba nyufa kwa kalenda za zamani. Upande wangu sijaziba kitu, kwa sababu nilikuwa tayari nakula garanti, yaani nakaa bila kulipa hadi pesa niliyoweka mwanzo iishe, na anayekula garanti hanunui gundi.

Hadithi yangu ilihusu mwenye parseli bahili anayewakatia wapangaji umeme saa mbili za usiku. Ni ya kubuni, msinitazame hivyo. Nilifika mahali bahili afe, ila namna ya kumuua ikanishinda. Saa tano usiku, umeme hakuna, mtaa umetulia, nikashika simu: "Jamani, huyu mwenye parseli lazima afe leo. Nimuueje?"

Majibu hayakukawia. Wa Bujumbura alitaka sumu. Dada wa Mombasa, mkali kuliko sisi wote, akasema sumu imechakaa: "Mtupe ziwani, ndugu yangu. Ila mke wake muache, tutamhitaji mwishoni."

Hapo nikakumbuka mazuku. Mwenzetu wa Dar hakuwa amewahi kuyasikia, nikamweleza polepole, kwa sauti ya mwalimu. Huku kwetu, hasa ukielekea Sake, kuna mashimo ambako gesi ya kaboni inatoka ardhini. Haina rangi, haina harufu. Ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo inalala chini: mbuzi anakufa, mtu aliyesimama kando yake anaweza kupona. Usiku inajikusanya, jua na upepo vikija inatawanyika. "Kwa hiyo unamnywesha mzee pombe ya kasiksi, unamlaza shimoni, asubuhi amekwisha. Hakuna damu, hakuna kisu. Watu watasema ni pombe."

"Huyo ndiye muuaji!" dada wa Mombasa alipiga kelele. "Fanya leo leo, usingoje kesho!"

Ng'ambo ya ukuta kitanda kililia. Kisha nikasikia mama mwenye parseli, chini chini: "Papa, amuka. Banatafuta kukuua."

Mlango ukagongwa. Shefu wa avenue, yaani kiongozi wa barabara yetu, na tochi, vijana wawili na fimbo, mama na mchi wa kutwangia sombe. Mzee mwenyewe alikuwa nyuma kabisa, koti la suti juu ya singlendi, amepanda juu ya jiwe la lava. Kumbe maelezo yangu aliyasikia yote.

"Weye mutoto," shefu akaniambia, "mukubwa wenu wa Mombasa ni nani?"

"Shefu, iko hadithi tu."

"Hadithi inapenda mutu afe leo leo?"

Nikaamriwa nisome yote tangu mwanzo. Walikaa hapo mlangoni, shefu akazima tochi asimalize betri. Umeme ulipokatwa hadithini, vijana wakacheka, wakageuka kumtazama mzee. Mpangaji mjamzito alipopapasa ndoo ya maji gizani, mama akaweka mchi chini. Nilipofika pasipo na mwisho, shefu akasogea: "Sasa anakufa ao hafe?"

"Apone," mzee akajibu kutoka juu ya jiwe. "Atubu, apunguze bei kidogo, apone."

"Afe," akasema mke wake.

Kwa ajili ya amani nilimuua mbuzi wa bahili. Nikatuma dakika za mwisho, simu ikazima hapo hapo. Asubuhi nikakuta dada wa Mombasa amenirarua: mwandishi gani anayemtayarisha muuaji hivyo halafu anaua mbuzi? Ni kweli, lakini yeye hapangi Majengo.

Mzee aliomba aingizwe kundini, ati afuatilie usalama wake. Ningekataaje? Lugha hachambui, wahusika hawagusi. Ila kila nikituma hadithi, wenzangu wakishamaliza makofi na maua, anaandika chini: "Nzuri. Na pesa ya nyumba?"