Mgongo wa Usa River, jeni ya London

Binamu yangu ni fundi ujenzi, anaishi Usa River, wilayani Arumeru, Arusha. Alianza kuumwa kiuno akiwa na miaka 24. Alfajiri anaamka amekakamaa, viatu anavaa kwa kusaidiwa, lakini ikifika saa nne, akiwa ameshapandisha ndoo kadhaa za zege, mgongo unalegea na anafanya kazi kama wenzake. Siku ya mapumziko ndiyo siku ya mateso. Nyumbani tulifanya utani: mgongo wa huyu bwana hauipendi Jumapili.

Baada ya miaka mitano ya kuzungushwa, daktari mmoja kijana alishuku kitu akaagiza kipimo cha jeni kinachoitwa HLA-B27. Sampuli ikasafirishwa nje ya mkoa, na majibu yakarudi yakisema hasi. Aliyeyasoma majibu hakuwa yule aliyeagiza kipimo. Akamwambia binamu hana ugonjwa wowote wa maana, ni kazi nzito tu, ameze diklofenaki ya kutuliza maumivu na apumzike. Apumzike! Yaani aendelee na kile kile kinachomkakamaza.

Nimekumbuka kisa hiki kwa sababu ya mabishano ninayoyasikia kila ninapokaa na watu wa afya wa Moshi na Arusha. Wapo wanaosema utafiti wa jeni za magonjwa ya viungo ni anasa ya nchi zilizoshiba, na wapo wanaosema tukikaa nje ya utafiti huo tutabaki kupimwa kwa rula iliyokatwa kwa ajili ya watu wengine. Wote wana hoja, na binamu yangu ni ushahidi wa kila upande, inategemea nani anamtazama.

Kwanza jina. Maumivu ya viungo sisi tunayaita baridi yabisi, na yabisi maana yake kavu. Jina limebeba nadharia nzima ya tiba ya kale, ile ya mwili kuwa na moto na baridi, umajimaji na ukavu. Ndiyo maana bibi wa Kibosho atakugombeza ukikanyaga sakafu ya saruji pekupeku mwezi wa saba. Ugonjwa ninaouzungumzia hapa, baridi yabisi ya uti wa mgongo ambayo madaktari wanaiita spondilaitisi, hauletwi na baridi ya mlimani. Mfumo wa kinga wa mwili unachokoza sehemu ambazo kano zinajishikiza kwenye mfupa, hasa pale uti wa mgongo unapoungana na nyonga. Pakishachokozwa miaka mingi, mwili unaziba kidonda kwa kuotesha mfupa, na pingili zinaweza kushikana zikawa kama muwa. Huanza kabla ya miaka 45, huamsha mtu usiku, hupungua kwa mazoezi na huongezeka kwa kulala. Wengine hupata jicho jekundu linaloogopa mwanga, wengine ugonjwa wa utumbo au ngozi, kwa sababu magonjwa hayo ni ya ukoo mmoja.

Jeni iliingia mwaka 1973. Derrick Brewerton na wenzake wa Hospitali ya Westminster, London, walipima wagonjwa 75 wakakuta 72 wana HLA-B27. Kati ya watu 75 wasio na ugonjwa, waliokuwa nayo ni watatu tu. Mwaka huo huo kundi la Los Angeles likatoa matokeo yanayofanana. Katika tiba ni nadra kuona jeni moja ikishikamana hivyo na ugonjwa. Tangu hapo ukienda kwa daktari wa Ulaya na mgongo wa aina hii, B27 ni miongoni mwa vitu vya kwanza atakavyouliza, na ana haki: kule kaskazini mwa Ulaya karibu watu 8 kwa 100 wanayo, na kwa wagonjwa ni karibu 90 kwa 100. Hata hivyo, wengi mno wenye jeni hiyo huzeeka na migongo yao mizima.

Sasa ishushe ramani hadi huku kwetu. Kusini mwa Sahara, hasa kwa wasemaji wa lugha za Kibantu, B27 ni adimu, mara nyingi haifikii mtu mmoja kwa mia. Wapo watafiti waliopendekeza kwamba malaria iliipunguza kizazi baada ya kizazi. Ni dhana, ila ni dhana yenye mantiki. Gambia waliona ajabu nyingine. Wafula wanayo B27 kwa kiasi cha watu 6 kwa 100, karibu sawa na Wazungu, lakini timu iliyotafuta wagonjwa wa spondilaitisi kati yao, na kuchapisha mwaka 1997, haikupata hata mmoja. Togo, wagonjwa walionekana kuhusishwa na jeni nyingine ya familia hiyo hiyo, HLA-B*1403. Zambia, watu wenye VVU waliopata ugonjwa huu wengi hawakuwa na B27 kabisa, na jeni iliyojitokeza kwao ni HLA-B*5703, ambayo katika tafiti nyingine imehusishwa na kuchelewa kuzidiwa na VVU. Kinga ile ile inayomzuia adui mmoja inaonekana kama inauma mkono wa mwenyewe.

Kwa hiyo neno «hasi» kwenye karatasi ya binamu lina uzito mwingine kabisa kuliko ambao lingekuwa nao London. Kule, hasi inapunguza sana uwezekano wa ugonjwa. Huku, watu karibu wote ni hasi, wagonjwa na wazima, na kipimo hakijasema kitu. Hii ndiyo hoja kubwa ya wanaotaka utafiti wa jeni ufanyike hapa hapa, na naikubali bila kusita. Hesabu iliyochapishwa mwaka 2019 ilionyesha kuwa karibu asilimia 78 ya watu walioshiriki katika tafiti za kuchambua jeni zote za mwili walikuwa wenye asili ya Ulaya, na wenye asili ya Afrika karibu asilimia 2. Rula haikukatwa kwa nia mbaya. Waliopimwa ndio waliokuwa karibu.

Na utafiti wenyewe umezaa vitu. Mwaka 2007 ziligunduliwa jeni mbili zaidi, ERAP1 na IL23R. Kufikia 2013 maeneo ya vinasaba yanayohusika yalikuwa yamefika 31. ERAP1 inakata protini vipande vidogo, na B27 inavichukua vipande hivyo kuvionyesha kwa askari wa kinga, mfano wa mpishi na mhudumu wa meza. Panya waliopandikizwa B27 ya binadamu waliugua utumbo na viungo, lakini walipolelewa mahali pasipo na vijidudu hata kimoja, hawakuugua. Mwaka 2022 watafiti wa Marekani na Uingereza wakaonyesha kuwa seli T, yaani hao askari wa kinga, kutoka kwa wagonjwa zinatambua vipande vya bakteria na vya mwili wenyewe kwa macho yale yale. Yaani askari anafundishwa sura ya mwizi halafu anamkamata mwenye nyumba.

Kwa mtu wa Arusha hili la bakteria na utumbo lina maana ya karibu. Kuhara kwa salmonela au shigela kunaweza kufuatwa na viungo kuvimba wiki chache baadaye. Sisi vijidudu vya tumbo tunavijua kuliko panya wa maabara.

Ila hapo ndipo upande wa pili unapopata nguvu, na sitaki kuupitia haraka kwa sababu ndio unaosemwa na watu wanaoona wagonjwa kila siku. Wanauliza: kabla hujatafuta jeni ya mgongo uliokakamaa wa Arumeru, umeuliza mwenye mgongo anakunywa maji gani?

Swali hilo si la dharau. Maji ya pembezoni mwa Mlima Meru yana madini ya floraidi kwa wingi kwa sababu ya miamba ya volkano. Meno ya kahawia ya watu wa Arumeru yanajulikana nchi nzima, mpaka ukijitambulisha Dar es Salaam kwamba umetoka Arusha mtu anakuchungulia mdomoni. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Tanzania kwa miaka mingi iliruhusu hadi 4 kwa kuwa isingewezekana kufunga visima vyote. Ngurdoto kumekuwa na kituo cha utafiti kilichofanya kazi ya kuichuja kwa mkaa wa mifupa. Mtu akinywa floraidi nyingi miaka na miaka haishii kwenye meno. Mifupa inakuwa mizito, kano zinageuka chokaa, na uti wa mgongo unakakamaa mpaka kwenye eksirei unaweza kufananishwa na spondilaitisi. Chukua wagonjwa mia wa namna hiyo bila kuwatenganisha, pima jeni zao, na utapata takwimu maridadi za mchanganyiko wa magonjwa mawili.

Halafu kuna brusela, ugonjwa unaotupisha mimba ng'ombe na mbuzi, ambao binadamu anaupata kwa maziwa mabichi au kwa kuzalisha mifugo mikono mitupu. Unapenda sana kile kiungio cha nyonga na uti wa mgongo, mahali pale pale spondilaitisi inapoanzia. Kwenye utafiti uliofanyika hospitali mbili za Moshi mwaka 2007 na 2008 kwa wagonjwa 870 waliolazwa na homa, malaria ilitajwa na madaktari kwa asilimia 60.7, na vipimo vikaikuta kwa asilimia 1.6. Brusela ilithibitishwa kwa asilimia 3.5 ya waliochunguzwa, zaidi ya mara mbili ya malaria, na hakukuwa na aliyeifikiria. Ongeza kifua kikuu cha uti wa mgongo, ambacho nacho huanza polepole kwa kijana. Mgonjwa wa brusela au kifua kikuu anapona kwa dawa za bei ndogo. Kumpeleka kwenye foleni ya jeni ni kumchelewesha.

Na dawa zenyewe? Hapa nadhani watetezi wa jeni wanatia chumvi. Dawa zilizobadilisha maisha ya wagonjwa Ulaya mwanzoni mwa miaka ya 2000, zinazozuia kemikali ya kinga iitwayo TNF, hazikutokana na B27. Zilitokana na utafiti wa baridi yabisi ya viungo vya mikono. Tena zinaweza kuamsha kifua kikuu kilicholala, kama ripoti ya mwaka 2001 iliyohesabu wagonjwa 70 ilivyoonya, na kwetu kifua kikuu kilicholala si jambo geni. Jeni IL23R ilielekeza kidole kwa kemikali nyingine, IL-23. Dawa za kuizuia zikafanya vizuri kwenye ngozi na utumbo, zikajaribiwa kwenye uti wa mgongo, zikashindwa. Iliyofaulu ni ya kuzuia jirani yake, IL-17. Jeni zilionyesha mtaa, nyumba hazikuitaja. Na nyumba hiyo kodi yake fundi wa Usa River haiwezi.

Mimi nimeishia wapi? Karibu na wanaotaka utafiti, lakini si ule wa kuja na friza, kujaza mirija ya damu na kuondoka na ndege ya jioni ya KIA. Mfano ninaoupenda ni wa wilayani Hai, ambako watafiti wa hospitali ya KCMC ya Moshi na Chuo Kikuu cha Glasgow walipita kaya kwa kaya wakiangalia viungo vya watu na kuuliza maumivu yanagharimu nini nyumbani. Hakuna jeni pale, na kwa macho ya majarida makubwa labda haing'ari. Lakini utafiti wa jeni unaoanza na orodha kama hiyo, ukapima floraidi ya kisima na brusela kabla ya kugusa vinasaba, utakuwa na thamani kuliko mwingine wenye mashine kubwa mara kumi. Moshi kuna maabara ya KCRI, taasisi ya utafiti wa tiba, na kuna chuo. Sampuli kwenda nje zinahitaji kibali na mkataba kupitia NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 imeziweka taarifa za kijenetiki kwenye kundi la taarifa nyeti. Makaratasi yapo. Ninachokiona kikikosekana ni mtu wa kurudi kwa mwenye damu na jibu analoweza kulitumia.

Na wanaosema tusubiri hadi kila wilaya iwe na MRI, mashine ya kupiga picha za ndani ya mwili, ndipo tufikirie jeni, nawakumbusha tu: kipimo cha B27 kimeshafika. Kinaagizwa, kinalipiwa, kinasomwa vibaya. Kusubiri hakujakizuia.

Binamu alipata daktari wa tatu. Huyu alimuuliza maswali dakika ishirini: usiku unaamka saa ngapi, maji mnachota wapi, maziwa mnachemsha, jicho limewahi kuwa jekundu. Akampima brusela na kifua kikuu, akapiga eksirei ya nyonga, kisha akambadilishia dawa na kumfundisha mazoezi ya kunyoosha mgongo asubuhi na jioni. Anayafanya kwenye mkeka uani, watoto wa jirani wakimwiga. Faili lake nimelishika juzi. Ukurasa wa kwanza, kwa wino mwekundu na mstari chini yake, bado umeandikwa: B27 hasi, hana ugonjwa.